Mshika Funguo wa Roccalvina

Alceste Bonfigli hakuwa na simu, hakuwa na gari, hakuwa na mke tangu ile baridi kali iliyoua mizeituni, hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ni nani aliyempa kazi ya kushika funguo za ngome ya Roccalvina, na tangu Jumatatu ya pili ya mwezi wa Oktoba hakuwa na njia ya kutoka nyumbani kwake. Asubuhi ya Jumatatu hiyo alifungua dirisha la jikoni amwage maji ya kunyolea ndevu, akayamwaga ukutani. Ukuta wa ngome ulikuwa umeshuka kutoka kilimani na kusimama kati ya nyumba yake na barabara.

Haukuja kwa ghafla. Tangu kiangazi ulikuwa ukiteremka hatua chache kila wiki, na wanakijiji walikuwa wamekwisha kuhamisha mabanda yao ya kuku. Mjane Nives, jirani yake, aling'oa nyanya mapema. Lakini ulipofika chini, ukuta uliziacha nyumba nyingine zote ukaizunguka ya Alceste peke yake, kama mlafi anavyozungushia sahani mkono.

Alceste alikuwa amefanya kazi ya uashi miaka arobaini. Aliupapasa kwa kidole gumba. Chokaa ya kale, mchanga wa mtoni, kazi safi. Mbele ya dirisha lake palikuwa na tundu la kurushia mishale, na kwenye tundu hilo palikuwa na jicho la Nives.

"Fundi, umeamkaje huko jela?"

"Salama, dada. Na wewe?"

"Mimi niko nje, sina la kulalamika. Nikupe mkate?"

"Nipe. Lakini ukate vipande, mzima haupiti."

Funguo zenyewe alizipokea miaka kumi na tisa iliyopita kwa padri Quirino, siku mzee huyo alipopelekwa hospitali. "Nishikie kwa wiki moja," padri alimwambia, akatafuta kalamu ili waandikiane. Alceste alikataa, tena kwa kuudhika kidogo. Watu wa Roccalvina hawaandikiani kwa jambo kama hilo. Neno la mtu linatosha. Padri alirudi kwenye jeneza, na kwenye lango la ngome pakatundikwa kibao: *Funguo ziko kwa Bonfigli, nyumba ya tatu kushoto. Gonga kwa nguvu.*

Wageni waligonga kwa nguvu, hasa saa ya chakula cha mchana. Alceste aliziacha tambi zipoe, akavaa kofia, akawapandisha kilimani. Alikuwa ameanza kusoma ukubwani, madarasa ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kubeba matofali, na hapakuwa na tarehe ya ngome ile asiyoijua. Akisikia mgeni anasoma kosa kwenye kitabu chake cha safari, alimsimamisha na kumsubiri mpaka alisahihishe kwa kalamu. Hakuwahi kumrudisha mgeni. Siku binti yake Orietta alipohitimu chuo, palikuwa na kundi la Waswisi. Siku ya harusi yake Alceste aliondoka kabla ya keki, kwa sababu ya maprofesa wawili.

Sasa Orietta alikuwa ameolewa Novara, mbali kaskazini, na amejifungua mtoto wa kiume. Ubatizo ulipangwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mtoto angeitwa Alceste. "Baba," Orietta alimwambia mwezi Septemba, kwa simu ya baa, "wewe na ngome yako mmenilia siku zangu zote. Na hii usipokuja, basi, tusijuane." Tangu hapo alikuwa akikata simu kila aliposikia neno ngome.

Kwa hiyo Jumatano Alceste alivaa suti, akachukua sanduku dogo na kwenda langoni. Lango nalo lilikuwa limeshuka pamoja na ukuta, mnara, kisima na kanisa dogo, na lilikuwa na utaratibu wake. Lilimtoa tu mtu aliyeingia kwa kulipitia. Alceste hakuwa ameingia popote. Alikuwa nyumbani kwake, akazungukwa. Alivuka kizingiti na kujikuta uani, kando ya kisima, sanduku mkononi. Alijaribu mara nne. Nives akaingia, akamshika mkono kwa nguvu na kutoka naye. Alipofika barabarani alikuwa ameshika hewa.

"Umeniponyoka kama sabuni," alisema kwenye tundu.

"Sikukusudia."

"Basi fanya hivi. Ingia kwanza, halafu utoke."

"Nitaingiaje, dada, na nimo ndani?"

Nives alifikiri. "Hapo umenishinda," akasema, akaenda kumletea supu ya maharage.

Alhamisi alikuja bwana Pacifici, mpima wa ofisi ya majengo ya kale, kutoka mjini. Aligonga kwa nguvu, akafunguliwa, akaupima ukuta kwa futi kamba kutoka pembe hadi pembe.

"Karne ya kumi na nne," alisema.

"Ukuta umefika hapa Jumatatu," alisema Alceste.

"Mzee Bonfigli, mtu akihamia mtaa mwingine umri wake hubadilika?"

"Haubadiliki."

"Basi."

"Nina tindo na nyundo. Nipe saa mbili nitoboe mlango, nikirudi nitauziba hata usijue palitobolewa."

"Ukiugusa utafungwa."

Alceste aliutazama ukuta, kisha akamtazama mpima. Mpima aliandika.

"Basi chukueni funguo zenu," alisema Alceste. "Miaka kumi na tisa inatosha. Naacha kazi."

"Kazi ipi? Sisi mshika funguo wetu ni padri Quirino."

"Alikufa."

"Hatujaletewa taarifa. Wewe hukuajiriwa, mzee wangu, kwa hiyo huwezi kuacha. Hatuna pa kukutoa." Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akatoa fomu kwenye mkoba. "Lakini kuna hii. Unamrithisha funguo mtu mwingine wa familia, lazima awe wa damu yako. Akishaandikwa yeye, wewe huhusiki tena. Una mtoto wa kiume?"

"Nina binti. Na mjukuu wa wiki saba."

"Mjukuu anatosha. Fomu haina sehemu ya umri. Anaitwa nani?"

"Wakishambatiza, Alceste."

"Vizuri sana. Hata kibao hatutahangaika kukibadilisha."

Kabla ya kuondoka alibandika namba kwenye jiko la Alceste, namba nyingine kwenye kitanda, akafunga kamba nyekundu kati ya meza na mlango. Lango lilimtoa bila shida.

Jumapili wageni walikuwa ishirini na wawili. Alceste aliwaonyesha mnara, kisima, kanisa dogo, na mwishowe jiko lake, kwa kuwa sasa njia ilipitia hapo.

"Na hapa aliishi nani?" aliuliza mama mmoja wa Cremona.

"Fundi mwashi."

"Masikini. Hata dirisha lake linatazama ukuta."

"Alikuwa na vitabu," alisema Alceste, akawaomba wasiiegemee kamba.

Jumanne asubuhi alikaa mezani na fomu. Treni ya Ijumaa ingemfikisha Novara mapema. Aliandika jina lake kwenye mstari wa kwanza. Kwenye mstari wa pili, wa mrithi, aliandika herufi A, na nje ya dirisha jiwe moja likachomoka ukutani bila kishindo. Aliandika L, yakachomoka mengine. Alipofika katikati ya jina palikuwa na mwanya wa kumfika kifuani, na upepo wa barabarani ukampiga magotini. Aliona kabichi za Nives. Aliona kituo cha basi.

Lakini alikuwa mwashi, na mwashi akiona mawe yanatoka mahali huuliza yanakwenda wapi. Aliinama akachungulia kwenye mwanya. Mawe hayakuwa yamelala chini. Yalikuwa yanajipanga upya kando ya barabara, moja juu ya jingine, chokaa ikiwa tayari imekauka, na safu yake ilikuwa imekwisha kukipita kituo cha basi. Ilielekea kaskazini, upande wa Novara.

 Alceste alirudi mezani, akalikata jina la mrithi kwa mstari mmoja mnyoofu, akasubiri mawe yarudi. Yalirudi kwa mpangilio uleule, na la mwisho lilihitaji kusukumwa kidogo. Alilisukuma.

Alimwomba Nives karatasi na bahasha, akaandika:

*Orietta binti yangu. Sitakuja. Mbatizeni Jumapili hiyohiyo, msiningoje. Msimwite Alceste, jina limepitwa na wakati, wenzake watamcheka shuleni. Mwiteni jina la ukoo wa baba yake. Wala msimlete huku kuiona ngome. Hakuna cha kuona, ni mawe tu. Baba yako.*

Aliisoma mara mbili. Aliongeza nukta mahali ilipokosekana, akakunja, akalamba gundi ya bahasha na kuibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Kisha akaipitisha kwenye tundu.

Nives aliipokea kwa mkono wenye unga. "Umemwambia kwamba umefungiwa?"

"Hapana."

"Atakasirika, Alceste. Atasema ni yaleyale."

"Nikimwambia atakuja kunitazama. Na mtoto hatamwacha."

Nives alijifuta unga, akaitazama anwani, akaiweka barua kifuani ndani ya sweta. Hakumtania. Alishuka barabarani kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, na Alceste akamfuata kwa macho mpaka upana wa tundu ulipoishia. Baada ya hapo alisikiliza tu. Posta haikuwa mbali. Alisikia kifuniko cha sanduku la barua kikiinuliwa, kikakaa juu kidogo, kikashuka.