Nyimbo Mbili, Jukwaa Moja

…na kama anakuja kutaka aombwe radhi basi atangoja sana, atangoja mpaka rangi ya nywele imwishe, alijisemea Kiberiti nyuma ya kaunta ya duka lake la dobi, macho yakiwa ng'ambo ya barabara ambako wifi yake amesimama na mkoba kwapani akisubiri magari yapungue, mguu mmoja anaushusha, lori linapita, anaurudisha, anaushusha tena, mwanamke huyohuyo ambaye zamani aliruka kutoka juu ya spika bila kuuliza kama kuna wa kumdaka, leo muuguzi mkuu wa wodi ya watoto anayenyamazisha watu kwa kidole, anaogopa pikipiki… na yaendelee kupita magari, yapite hata mpaka jioni, maana ujumbe wake ulikuwa mfupi kama tusi, nimeiona video, nakuja, bila hata hujambo, mtu anayeandika hivyo haji kunywa chai… "Mama, hili doa litatoka kweli?" mteja aliuliza, wakili mnene aliyelipakata koti lake kama mtoto mwenye homa, na kabla Kiberiti hajalitazama, sauti ya mume wake ikajibu kutoka chumba cha pasi huko nyuma, "Litatoka, mzee, ondoa shaka!", hajaliona, hajui ni wino au ni lami, lakini litatoka, ndivyo alivyo, mtu wa ndiyo, mtu wa amani, hana adui mji mzima, na kila wakigombana watu anaitwa yeye kuwapatanisha… wakili akaanza kueleza ajali ilivyotokea, kalamu, mfuko, kikao kirefu, na Kiberiti akaitikia kwa kichwa huku akiitazama simu juu ya kaunta, picha imesimama palepale alipoisimamisha, vijana watatu jukwaani, huyo mume wake na gitaa, mwembamba mpaka huruma, dada mtu, ndiye wifi, kwenye ngoma, na yeye mwenyewe na gitaa la besi, nywele zimesimama kama ufagio, Kelele za Jirani, bendi ya panki, muziki wa kasi na kupayuka, kabla watu hawajajua panki ni kitu cha kuvaa au cha kula, ukumbi wenyewe ulinuka jasho na rangi mbichi, na fundi umeme wa ukumbi, yule mpole asiyesema na mtu, kumbe alikuwa amejibanza pembeni na kamera anawarekodi, akaifungia kanda kabatini mpaka juzi wanawe waliposafisha kabati na kuitupia mtandaoni, basi ikawa vurugu, wazee wenye vipara na watoto wenye nywele za kijani wanapigana vikumbo kwenye maoni, nilikuwepo, nilipoteza kiatu kimoja na sijutii, huyu wa besi yuko wapi nije kuposa, na mmoja anayejiita Sikio Bovu kaandika insha nzima kwamba ule wimbo wa kufunga, nyimbo mbili zikipigwa kwa wakati mmoja, ulikuwa mpango wa makusudi wa kuitukana dunia, panki halisi, wengine wote wanatwanga maji… makusudi! laiti Sikio Bovu angejua kwamba makusudi hayo ndiyo yaliyoivunja bendi, kwamba yeye alianza wimbo wake, Mwalimu wa Zamu, mbio mbio, na wifi akaanza wake, Zima Taa, polepole, ikawa kama watu wawili wamebeba kabati moja kila mmoja anaelekea nyumba yake, na nyuma ya pazia maneno yakamwagika, kaka yako kaniambia Mwalimu wa Zamu, mwongo, mimi kaniambia Zima Taa, na kaka mtu alipoulizwa akakuna kichwa, akasema spika zilikuwa na kelele, huenda mlisikia vibaya, na tangu siku hiyo mawifi wakawa wanasemeshana kupitia kwake, kwenye arusi, kwenye misiba, mwambie wifi yangu anisogezee chumvi, na chumvi iko kati yao, watoto wakakua wakidhani ndiyo adabu ya ukoo.

Naye hajaitazama yote, hilo ndilo jambo, kila ikifika pale kabla ya wimbo wa kufunga kidole kinaisimamisha chenyewe, kwa sababu ikionyesha kwamba aliyekosea ni yeye, ataenda wapi na heshima yake, atakaa vipi sofa moja na yule mwanamke… "Dakika moja tu, mzee," akamwambia wakili, akabonyeza, afadhali ajue kabla ya mtu kuvuka… mume wake anainama kwenye ngoma, taa imemmulika usoni, midomo inasomeka wazi kabisa, Zima Taa, dada mtu anaitikia kwa kichwa, sawa, kisha anageuka, anavuka jukwaa, anamjia yeye, na midomo ileile, kwa taa ileile, Mwalimu wa Zamu… akarudisha nyuma, akatazama tena, Zima Taa, Mwalimu wa Zamu… loo! na mchana wake yeye alikuwa amemvuta pembeni, na wifi lazima alifanya vilevile, funga na wimbo wangu, ukifunga na wake mimi basi, naye akawaambia wote wawili ndiyo, bila shaka kwa uso uleule anaowapa wateja, kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ni dobi, nguo anazikagua kila siku… alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja, kikaja kicheko, kikampanda kutoka tumboni mpaka wakili akarudi hatua nyuma na koti lake, njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini ya huyu ilikuwa ndefu na yenye lami. "Mama watoto, mbona unacheka peke yako?" ikauliza sauti ya nyuma, na mvuke wa pasi ukafoka. "Endelea na suruali zako, baba watoto," akajibu kwa utamu, "tutakuita."

Tutakuita… wingi ulimtoka wenyewe, na ukamshtua, yeye na nani? maana mpaka hapo bado alikuwa anapanga kesi, kwamba sikudanganya, ulinitukana bure… lakini simu ilikuwa inaendelea kuimba na masikio yake yakaisikia besi ikipunguza mwendo, ni yeye huyo, anaacha wimbo wake, anamfuata wifi kwenye Zima Taa, hili alilikumbuka, hili alilisema arusi na misiba yote, mimi nilimwachia, yeye akakaza shingo… na hapohapo, kabla hajamaliza kujisifu, ngoma zikaongeza kasi, wifi naye ameuacha wake, anakuja kwenye Mwalimu wa Zamu, wakapishana katikati kama watu wanaokwenda kutembeleana siku moja, kila mmoja akaukuta mlango wa mwenzake umefungwa, na uso wa wifi pale nyuma ya ngoma haukuwa na ukaidi hata chembe, alikuwa anacheka, anarefusha shingo, anamtafuta… alikuwa ananitafuta, Kiberiti alijisemea, miaka yote hii nimemnunia mtu aliyekuwa ananijia.

Mkono wake ukainua ubao wa kaunta, atoke, akimbie, avuke yeye… akasita. Wakitoka wote kwa pamoja watapishana tena, safari hii katikati ya malori, na hapo hata Sikio Bovu hataona sanaa yoyote, hapana, lazima mmoja abaki palepale alipo ili mwenzake afike. Akaushusha ubao. Wakili alikuwa anasema kitu kuhusu kesho asubuhi, mume wake alikuwa anapiga mluzi, na ng'ambo ya pili wifi akaushusha mguu, basi likapiga honi, akaurudisha, na Kiberiti akasimama wima akimngoja, akiyalaani magari yote ya barabara ile, moja baada ya jingine.