Kidole Kilichokumbuka

...na kidole gumba kikajiviringisha chenyewe, kutoka ukingo wa kucha huku hadi ukingo wa kule, kabla askari hajasema viringisha, lo, kidole hiki kina kiherehere, si kingekaza tu kama vya wenzake, yule bwana aliyemtangulia alikaza mkono mpaka akabembelezwa kama mtoto anayekataa dawa, lakini huyu Pimamaji, fundi vigae mzima, mkono umelegea juu ya wino kama wa mwenyeji, na askari ameliona hilo, mama wa makamo mwenye miwani, hajamwachia kidole, anamtazama, anauliza taratibu, "Ulishawahi kuchukuliwa alama za vidole?" na jibu liko tayari ulimini, hapana, jibu la mama yake, analijua kama jina lake... alikuwa na sare ya shule siku ile, soksi moja imeshuka na aliona aibu kuinama kuipandisha mbele ya polisi, mkufu wa jirani umepotea na nani mwingine aliyeingia chumbani kama si kabinti kanakokuja kufua, wiki nzima mahabusu ya watoto, kisha mkufu ukaonekana, uko wapi, ndani ya bitana ya mkoba wa jirani mwenyewe, mashtaka yakaondolewa, hakimu akasema binti nenda nyumbani, pole hakuna, na mama akamkalisha karoni akamsugua vidole kwa ndimu na majivu mpaka vikawaka, huku analia yeye mama, si mtoto, "Yamekwisha, mwanangu. Ukiulizwa, hujui"... yamekwisha wapi, mama yangu, wino ulitoka mkononi, jalada likabaki kabatini, alikuja kuyajua hayo ukubwani, amepiga magoti anampangia wakili vigae vya bafuni, akauliza kama anayemuulizia mtu mwingine, na wakili akacheka kidogo, akasema huyo rafiki yako hakutiwa hatiani, hana hatia hata ya kulamba, ila rekodi ya kukamatwa na alama zake zinakaa palepale mpaka mwenyewe aombe ziondolewe, hakuna atakayemfuata nyumbani kumkumbusha... na hakuomba, miaka yote hii, kuomba ni kusema, na kusema ni kumvunjia mama mwiko wake... askari anapangusa gumba kwa pamba, anakandamiza upya, ananung'unika kwamba mistari haitoki, "Saruji imekula hapa," ndiyo, imekula, imekula vizuri, basi ashukuru, aseme hapana, kompyuta yao itafute mpaka ichoke, cheti cha tabia njema kitoke safi, Jumatatu aanze kufundisha vigae chuoni, mkuu wa chuo amemwambia wasichana wamekwisha nunua mpaka mabuti, wanamngoja mwalimu tu, na bila cheti hasogei karibu na mtoto wa mtu, kwani kikitoka na mstari ule, aliwahi kukamatwa kwa wizi, nani ataendelea kusoma mpaka aliachiwa, watu husoma nusu wakafunga, lisemwalo lipo, watasema, lisemwalo lipo, liko wapi sasa, lilikuwa kwenye bitana ya mkoba!... hasira inampanda, tamu kabisa, miaka yote ameogopa kitu asichokifanya, jirani analala usingizi, yeye ndiye anayeficha vidole, na atasimama mbele ya mabinti wale awaambie nini, kigae kikikaa upande unakibandua, hata kama kimeshika, hata kama mwenye nyumba hajaona, huweki zulia juu, jina lenyewe la Pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, alipewa na mafundi wenzake kwa kung'ang'ania hilohilo, wakimcheka, na huku zulia lake mwenyewe linakaribia kugusa dari... utanisamehe, mama, ulinificha kwa kuwa hukuwa na kingine cha kunikinga nacho, na nakushukuru, lakini mimi sasa ninacho, nina mdomo, na kazi ikikosekana ikosekane kwa la kweli... foleni nyuma inakohoa, wino unaanza kukauka, askari bado amekishika kidole, na kidole hakijakaza, kimetulia tu hapo, kinangoja mwenyewe aseme.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa mtoto, na mashtaka yaliondolewa. Alama zile bado mnazo. Nimekuja kuomba cheti, na zile naomba mziondoe."