Mtoto wa Sili wa Porth Gwyran

Siku hiyo niliamka na hasira, sitawaficha. Mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini mwenye mapezi, alikuwa amelala peke yake kwenye kokoto za ufukwe wa Porth Gwyran, manyoya yake meupe yameloa mvua, analia kama mtoto wa mtu. Sisi tunaojitolea kuokoa sili tuna sharti moja kubwa: ukimkuta mtoto mchanga namna hii, jifiche mbali umtazame saa ishirini na nne. Huenda mama yake yuko baharini, na akiona watu hatoki.

"Zimepita saa ngapi?" nikamuuliza Gethin. Ni jirani yangu, dereva wa basi mstaafu, na tumelinda fukwe pamoja miaka tisa.

"Tano tu. Kunywa chai, Delyth. Subira yavuta heri."

"Heri gani? Mwaka jana ilivuta maiti!"

Akanisogezea kikombe. Mwaka jana tulisubiri saa zote, tena mimi ndiye niliyeng'ang'ania sharti. Tulipomfikia yule mtoto alikuwa ameshapoa. Nilimzika mwenyewe kwa koleo la bustani, na tangu hapo nikisikia sili analia, silali.

Nikavaa glavu.

"We mama, acha! Ukimgusa ndiyo basi."

"Baki wewe na saa yako!"

Nikamfunika taulo, nikamtia kwenye kizimba, nikampandisha njia ya jabalini peke yangu, na goti langu hili bovu. Akaning'ata glavu. Nikacheka kwa furaha. Mwenye nguvu za kung'ata hafi, nikajisemea.

Hospitali ya sili iko mwendo wa saa mbili kwa gari. Nilikuwa nusu ya njia simu ilipolia.

"Mama yake katoka majini," Gethin akasema polepole. "Anazunguka palepale alipolala mtoto. Anamwita."

Ee Mungu wangu! Niligeuza gari katikati ya barabara, watu wakanipigia honi na matusi juu. Muda ulikuwepo bado, maji hayajajaa. Njia nzima nilikuwa nikimwambia mtoto kule nyuma, "Vumilia mwanangu, nakurudisha kwa mama." Alikuwa kimya, nikadhani amelala.

Gethin alinipokea juu ya jabali, akafungua mlango wa nyuma. Akainama pale muda mrefu mno.

"Delyth," akasema. "Moyo umemsimama. Ni hofu hiyo."

Nilimtukana, Mungu anisamehe. Kisha tukamteremsha mtoto, tukamlaza pale nilipomtoa, tukajificha nyuma ya mawe. Sijui kwa nini. Labda nilitaka mama yake ajue, aache kuita.

Akaja akijivuta. Akamnusa. Akamkwaruza kwa pezi, kama wanavyomwamsha mtoto anyonye. Kisha akajilaza ubavu, akamgeuzia chuchu, akangoja. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa glavu ileile, nalia.

Gethin akanigusa bega. "Twende, mama. Maji yanajaa."

"Tangulia," nikamwambia.

Nilikaa mpaka maji yakanifika magotini. Yalimfikia mtoto, yakamwinua, yakamchukua taratibu, na mama yake bado alikuwa amelala ubavu.