Aliyeketi Mbele ya Lori

Asubuhi ya mazishi, Katibu wa chama, Lupakisyo, alimvuta Yunis pembeni, akampa pole nzuri kabisa, pole ya mtu aliyeisomea, kisha akamwambia kwamba wasifu wa marehemu atausoma yeye mwenyewe. Familia isijisumbue. Familia ina majonzi, na mtu mwenye majonzi anaweza kuteleza ulimi, na ulimi ukishateleza mbele ya umati, hata ile nafasi ya ualimu ambayo mtu anaisubiri inaweza kuteleza nayo. Yote hayo aliyasema kwa upole, amemshika bega kama baba mzazi.

Yunis akajibu, ndiyo, Ndugu Katibu.

Aliyekuwa anazikwa ni mama yake, Raheli, nesi na mkunga, anayejulikana Kilosa nzima. Na siku ile Yunis alitaka jambo moja tu: mama asishushwe kaburini na maneno ya uongo ya watu waliomtesa. Jambo dogo. Lakini mwaka ule wa sabini na sita mambo madogo ndiyo yaliyowekewa ulinzi mkali.

Tuseme kweli, Raheli hakuwa mtu mwepesi kusomewa wasifu. Alizaliwa milimani, akafundishwa ukunga kwa wamisheni kule Berega, na tangu siku aliyokabidhiwa baiskeli ya kazi hakuna aliyejua tena jioni atalala wapi. Uhuru wenyewe ulimkuta ndani ya behewa la mizigo lililokwama Kidete, mvua inamwagika, anamzalisha mke wa fundi wa reli. Mjini watu wanarusha kofia juu, yeye anambembeleza dereva wa treni amchotee maji ya moto kwenye injini. Mtoto akaitwa Uhuru. Huyo Uhuru alipofikisha miaka kumi na mitatu, nyumba ya mama yake ilichomwa moto ili ahamie kwenye maendeleo.

Mumewe, Mathayo, alivumilia kidogo, halafu akaenda Dodoma kutafuta mke anayekaa nyumbani. Raheli alimfungia chapati za njiani, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Yunis akakulia nyuma ya baiskeli, amefungwa kwa khanga kiunoni mwa mama yake, wakishuka mabonde na kupanda vilima, siku za gulio wakiibukia Ulaya, kijiji cha hukohuko Kilosa, si ile ya Wazungu. Huko mama alipima wajawazito kati ya mafungu ya nyanya na mafungu ya dagaa, na wanaume waliosogea kuchungulia aliwaambia wakae foleni na wao, atawaangalia. Watu walisema mtoto wa namna hiyo ataharibika. Mtoto akapita mitihani yake yote.

Baadaye alipopelekwa zahanati ya Mikumi, wanyama wa hifadhi walimzoea upesi kuliko maofisa. Kuna siku simba alimpandisha mtini, kisha akajilaza chini kumngoja ashuke. Raheli akamwimbia nyimbo za kanisani zote alizozijua, beti zote, mpaka mnyama akaona heri njaa. Hivi ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na aliyebisha alikaribishwa kwenda kumuuliza simba. Na kila akipata siku mbili za mapumziko alidandia lori mpaka Kilosa, vumbi mpaka kwenye kope, kwa ajili ya kumsuka Yunis nywele. Binti mzima, mwenye mikono yake miwili. Anamkalisha kwenye kigoda, anamvuta kichwa huku na huku, anamgombeza kwa kutokula, anamaliza, analala kidogo, anarudi kwa wagonjwa wake. Mtu wa namna hiyo akaja kuuawa na malaria, kitandani, shuka imetandikwa vizuri. Angekionea aibu kifo hicho.

Lakini Mikumi alifikaje? Hapo ndipo penye wasifu.

Mwaka sabini na nne malori yalipofika kitongoji cha ng'ambo ya mto Mkondoa kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa, nesi Raheli aliitwa aje atamke mbele ya wote kwamba hakuna mgonjwa. Akapita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya mwisho, iliyokwisha ezuliwa paa, alimkuta mwanamke anaitwa Siwema, uchungu umemshika. Raheli akatoka akamwambia Katibu wangoje. Katibu akasema ratiba haingoji. Basi nesi, na sare yake nyeupe, akaenda akaketi chini barabarani mbele ya lori la kwanza, akanyoosha miguu kama mtu anayechambua mchele. Alipohitajika ndani aliinuka, na wanawake wengine wakaketi palepale alipokuwa ameketi yeye. Malori yakangoja mpaka jua likaelekea kuzama, mpaka mtoto akalia. Hapo Raheli akawaambia sasa pakieni, ila mama na mtoto wanapanda mbele, kwa dereva. Katibu ikabidi asafiri nyuma, na mbuzi.

Kabla ya mwezi kwisha Raheli akahamishiwa Mikumi, mbali na binti yake. Barua ya uhamisho ilimshukuru.

Sasa jeneza liko juu ya meza ya shule, Mchungaji Hezekia amekwisha omba, mgeni kutoka mkoani amekaa kwenye kiti chenye mikono, na Katibu anasoma. Sauti anayo. Akasoma kuzaliwa, akasoma masomo, akafika sabini na nne. Marehemu, alisema, alikuwa mstari wa mbele kuhamasisha wananchi waingie vijijini, na baada ya kazi hiyo tukufu akaomba mwenyewe, kwa moyo wa kujitolea, kwenda Mikumi.

Watu wakatazama chini. Walikuwa wengi waliohamasishwa siku ile. Yunis alitaka kusimama aseme sivyo. Aliiona nafasi yake ya ualimu. Akabaki ameketi, na akajichukia.

Wabebaji wakanyanyua jeneza, na hapo ndipo akaja Mwamvua.

Mwamvua alikuwa muuza vitunguu wa Ulaya, Mwislamu wa bondeni, na mtani wa ukoo wa Raheli. Katika nchi hizi ndugu kazi yao ni kulia. Watani ndio wanaochimba kaburi, wanaovaa nguo za marehemu, wanaomwiga na kumsema mpaka wanaolia wacheke, na hapana ruhusa ya kuwakasirikia. Anayekasirika anatozwa faini, na mpaka alipe, marehemu haendi popote. Wenyeji wote wanalijua hili kama wanavyojua kula. Lupakisyo alikuwa mtu wa kuja, kutoka mikoa ya kusini. Utani wa kwao unaishia kwenye maneno.

Alichoona yeye ni mwanamke mnene ndani ya sare ya nesi iliyokataa kufunga vifungo, anatembea kwa mwendo uleule wa Raheli, kifua mbele, kama anayechelewa. Mkononi kashika kile kipembe cha mti cha wakunga cha kusikilizia mtoto tumboni. Akapita kwa mgeni, akampima paji la uso. Akafika kwa Katibu, akamwekea kipembe kwenye kitambi na kutega sikio.

"Huyu kakaa vibaya," akasema. "Mwezi wa ngapi huu, mama?"

Msiba mzima ukaangua kicheko, na waliokuwa wanalia wakacheka kuliko wengine. Mgeni alijaribu kukohoa. Mwamvua akaenda mbele ya wabebaji, akajitupa chini, akanyoosha miguu njiani. Kicheko kikakatika kama kimezimwa na mtu.

"Haendi," alisema. "Mpaka aliyempeleka Mikumi ajitaje."

Katibu akamwamuru mgambo amwondoe. Mgambo, kijana Vitalis, akatazama rungu lake, akatazama watu.

"Ndugu Katibu, huyu ni mtani."

"Utani naujua. Una mahali pake."

"Mahali pake ndipo hapa, Ndugu Katibu."

Kwa hasira Katibu akamshika Mwamvua mkono amwinue mwenyewe. Kosa lililoje. Kule kaburini wachimbaji, watani nao, walipanda juu mmoja mmoja, wakaketi kwenye udongo na kuwasha sigara. Mchungaji aliombwa aseme neno. Akasema yeye mambo ya mila hayaingilii. Wingu lilikuwa limeshaanza kushuka milimani, jeneza limerudishwa mezani, na mgeni kutoka mkoani akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye safari, kuna tatizo gani hasa, si amjibu tu?

"Nilimhamisha mimi," alisema Katibu. "Kwa sababu za kikazi."

"Zipi?" akauliza Mwamvua, bado yuko chini.

Katibu akakung'uta suruali. Mwamvua akageuza kichwa polepole mpaka macho yake yakamfikia Yunis. Hakutania tena. Mtani anaweza kuzuia njia, lakini wa kuifungua ni mwenye msiba.

Yunis alisikia sauti yake ikitoka, nyembamba, haina hata mtetemo.

"Siwema alikuwa anazaa, na mama alikaa mbele ya lori ili azae kama mtu. Mlingoja, mkakasirika, mkamtenga na mimi. Hakujitolea. Mkisema alijitolea mnazika mtu mwingine."

Hakuna aliyepiga makofi, maana ni msiba. Mwamvua akajizoa, akajipangusa vumbi matakoni, akawaambia wabebaji wapite, wanangoja nini, nesi hapendi kucheleweshwa. Wachimbaji wakazima sigara zao.

Njiani kuelekea kaburini Katibu alimsogelea Yunis, wakaenda bega kwa bega kama ndugu. Akamwuliza kwa sauti ya chini kama anajua alichokifanya, na kama anajua ni nani atakayeulizwa habari zake majina ya walimu yatakapopitishwa.

Yunis alijua. Alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza siku ile, akakumbuka kwamba hata salamu hajampa.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba," mdomo wa Lupakisyo ukajibu wenyewe kabla kichwa hakijapata habari. Alipotaka kuendelea, Yunis alikwisha mpita, yuko ukingoni mwa shimo, ameinama kushika kamba pamoja na watani.