Mgeni Mpole wa Bwana na Bibi Klorini

Usiku wa jana, nikiwa kwenye kochi la kaka yangu Mbaraka, niliota nimekuwa elektroni. Sikushangaa sana. Kilichonisumbua ni kukosa mfuko wa kuwekea simu.

Hapa Morogoro nilikuja kwa siku tatu kutafuta kazi, na sasa namaliza mwezi wa pili. Siku hizi kaka na shemeji Mwajabu wananisalimia mimi tu. Wao kwa wao hawasemeshani. Nilidhani ni joto.

Basi ndotoni nimepanga foleni nje kwa Bwana na Bibi Klorini, atomi mbili zilizoshikana mikono. Mlangoni amesimama Mita, ile ya umeme, kavaa miwani, anapima mwendo wa kila elektroni.

"Nguvu ikitosha, wenyeji wanapanda ngazi," ananieleza. "Wanapanda ngazi nzima. Nusu ngazi hatuna. Isipotosha, unadunda unarudi ulikotoka. Wale wenye kasi ya kuwatenganisha nimewazuia, wamekaa kule wamenuna."

Elektroni aliye mbele yangu anakimbia, anagonga, anapita zake. Wenyeji wanaruka ngazi moja juu, wanayumba kidogo, wanashuka wakitoa mwanga. Mikono haijaachana.

"Mimi sina haraka," najisifu. "Naingia polepole, nakaa."

Mita anavua miwani. "Unakaa?"

"Nakaa tu. Hata maji siombi."

"Ndugu yangu, ningekuzuia wewe kwanza. Mwenye haraka hugonga akaondoka."

Nacheka. Nategemea kudunda, lakini mlango unafunguka wenyewe, na ndani ni sebule ya kaka. Wenyeji wananisogelea kwa ukarimu, nakaa katikati yao. Najibana kadiri niwezavyo. Mikono yao inalegea.

Bwana Klorini anajivuta mpaka mwisho wa kochi, kisha mpaka ukutani. Kisha anapenya ukuta na kwenda zake bila kuaga. Bibi amebaki, kanishika mkono mimi.

"Mbona sijafanya kitu?" nauliza.

"Hujafanya," anasema Bibi Klorini, macho yake yakiwa ukutani. "Umekaa tu. Tangu tushikane, hatukuwahi kuachana."

Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na hiyo ndiyo iliyoniamsha.

Kulikuwa kumekucha. Shemeji Mwajabu alikuwa ananipa kikombe cha chai. Akasita, akanusa.

"Shemeji, umeshika nini? Mkono wako unanuka klorini, ile dawa ya kutia kwenye maji."

Nikaunusa. Kaka naye akainama, akanusa kiganja changu, akamtazama mkewe.

"Kweli, mama," akamwambia. "Inanuka kabisa."

Lilikuwa neno lao la kwanza kusemezana wiki hii. Nikakunja shuka, nikauliza basi la asubuhi linaondoka saa ngapi. Shemeji akasema nikae kwanza ninywe chai.

Nikamshukuru, nikainywa nikiwa nimesimama.