Maandazi Mbele ya Jaji Adelina

Mwaka ule Jaji Adelina alikuwa tayari ameandika hukumu mbili nzito, na katika familia yake hakuna aliyezisoma. Ya kwanza ilihusu pensheni ya askari mstaafu, ya pili usafirishaji wa ngano kwa reli. Zote mbili alimsimulia mama yake kwa simu. Mama akasema, "Vizuri, mwanangu," halafu akauliza kama huko Ottawa anakula vizuri.

Adelina alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Shirikisho. Sheria iliwataka majaji wa mahakama hiyo wakae Ottawa au jirani, kwa hiyo Toronto alikuja kwa treni, wikiendi akipata nafasi, kumwona mama.

Hukumu ya tatu ilitoka baada ya Pasaka. Hiyo waliisoma wote.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameagiza kontena la maandazi ya kugandishwa. Watu wa forodha wakasema hizo ni keki, zilipiwe ushuru. Yeye akasema ni mkate, na mkate hauna ushuru. Baraza la ushuru likakubaliana na forodha, mfanyabiashara akakata rufaa, na rufaa ikafika kwa majaji watatu, Adelina akiwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyeandika hukumu: rufaa imetupiliwa mbali. Gazeti moja la mtandaoni likatangaza kwamba mahakama imeamua maandazi ni keki, na chini yake likaweka picha ya Adelina akitabasamu.

Jumamosi iliyofuata alifika kwa mama yake, mtaa wa Lawrence Heights. Mlango ulifunguliwa na kaka yake Valerian, aliyeishi na mama yao na kumpeleka kliniki. Valerian alikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Karibu, mheshimiwa," alisema. "Hujui ulivyonisaidia."

Mama yao, Bi Clara, alikuwa mezani, mbele yake kikombe cha chai na kipande cha papai ambacho hakukigusa. Kando yake alikaa rafiki yake Savia, Mgoa aliyekulia Upanga, Dar es Salaam. Alikuwa ametoka mji jirani wa Mississauga asubuhi ile ili asikose kikao.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Anti Savia."

"Marahaba. Kaa hapo," Bi Clara alisema, akimwonyesha kiti cha upande wa pili wa meza.

Adelina akakaa. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekaa juu na watu wakasimama mbele yake. Sasa alijikuta ameweka mikono mapajani kama mwanafunzi.

"Daktari alinikataza keki kwa sababu ya sukari," Bi Clara alianza. "Nikaacha. Kwaresima ilipofika nikaacha na vitu vitamu vyote. Nilibaki na chai yangu na maandazi yangu, nikajiona nimejitahidi. Leo naambiwa Kwaresima nzima nilikuwa nakula keki. Na aliyesema ni mtoto niliyemzaa mwenyewe."

"Mimi natekeleza tu," Valerian alisema. "Mahakama imesema ni keki, daktari amekataza keki. Unga nimeufungia kwenye buti la gari."

"Clara amekwenda hadi kuungama," Savia aliongeza kwa upole.

"Padri alisemaje?" Adelina aliuliza.

"Alicheka," Bi Clara alisema. "Mimi nimepiga magoti, yeye anacheka. Na hilo nalo ni lako."

Adelina alivuta pumzi. "Mama, hukumu niliyoiandika siruhusiwi kuizungumzia. Jaji akishaandika amemaliza. Anayetaka kujua zaidi aisome."

"Kwa hiyo unaweza kuninyima maandazi mbele ya nchi nzima, ila jikoni kwangu huwezi kusema neno?"

Adelina akanywa chai.

Savia alivaa miwani, akaitafuta hukumu kwenye simu. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani miaka mingi katika kampuni ya bima, na karatasi ndefu hazikumtisha. Alisoma kimya, midomo ikicheza, mpaka akasimama mahali.

"Clara, sikiliza hapa. Anasema mahakama haikuombwa iseme maandazi ni nini. Iliombwa iangalie tu kama baraza lilikuwa na sababu za maana za kuamua lilivyoamua."

Bi Clara aliweka kikombe chini. "Soma tena."

Savia akasoma tena.

"Kwa hiyo hakusema ni keki."

"Hakusema. Amesema waliosema hivyo hawakukurupuka."

Bi Clara alimtazama binti yake, naye Adelina akautazama ukuta.

"Basi gazeti limemsingizia mwanangu," Bi Clara alisema, akamsogezea sahani ya chapati.

Savia aliendelea kusoma. "Kuna mwenzao mmoja hakukubaliana nao. Jaji wa kutoka Manitoba. Anasema kitu kilichokandwa kwa hamira kikaumuka, kikaliwa asubuhi na chai, ni mkate, hata kama kimekaangwa. Tena anakiri kwamba hajawahi kuyaonja."

Bi Clara aliinua uso, kama mtu aliyepewa habari za ndugu aliyepotea.

"Hajaonja, na ameelewa," alisema. "Valerian, lete unga. Nitampikia, Adelina atampelekea."

"Mama, jaji hapokei zawadi kwa sababu ya kesi," Adelina alisema.

"Si zawadi. Ni ushahidi."

"Ushahidi huletwa kabla ya hukumu."

"Na kabla ya hukumu nani aliniita?"

Savia aliinama juu ya simu yake, mabega yakitikisika.

Valerian aliona mambo yanamponyoka. Kliniki ilikuwa wazi, akampigia Daktari Shaila, aliyekulia Mombasa, akamweka kwenye spika na kumweleza kila kitu.

"Bi Clara," sauti ya daktari ilisema, "mbona nilikwambia na mkate upunguze?"

Valerian alitabasamu. Savia akavua miwani.

Bi Clara hakutetereka. "Daktari, keki umekataza, na mkate umekataza. Nimekubali. Lakini hapa kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani, na aliyeiandika amekaa mbele yangu. Inasema mahakama haisemi maandazi ni nini. Sasa wewe umeyakatazia wapi?"

Kwenye simu daktari alicheka mpaka akakohoa.

"Haya, mama. Mawili kwa wiki. Na usitie sukari nyingi."

"Mawili," Bi Clara alirudia polepole, kila mtu asikie.

Unga uliletwa. Ulipokuwa ukiumuka, Savia alimalizia kusoma hukumu, akasema imeandikwa vizuri ila ina mikato mingi. Kisha Bi Clara akasukuma donge, akalikata katikati, na kila nusu akaitandaza ikawa sawa na sahani ya wali. Akatafuta sufuria kubwa kuliko zote.

"Mama," Valerian alisema, "daktari amesema mawili."

"Hesabu."

Valerian akayahesabu. Adelina alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu picha yake itoke gazetini hakuwa amecheka. Mama yake alimega kipande cha kwanza kikiwa bado cha moto, akampa.

"Kula. Hii kesi imekukondesha."

Jioni Valerian alimpeleka stesheni. Njia nzima alikuwa akinung'unika.

"Daktari angetaja ukubwa," alisema. "Uamuzi usiotaja ukubwa ni uamuzi gani?"

"Kata rufaa, kaka," Adelina alisema.

Wakacheka wote wawili, taa ikawa ya kijani bila wao kuona, na magari ya nyuma yakaanza kuwapigia honi.