Dakika ya Kumi na Saba

Kama una kanda iliyorekodiwa studio ya ile bendi anayoipenda Cheche, usimwonyeshe. Atakutukana mbele ya wakweo. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, mikono imejaa makovu, na hana mchezo na vitu viwili: chuma kilichopinda na muziki uliooshwa.

"Studio wanapiga dakika nne, wanakwenda zao kula!" husema. "Bendi ile isikilize jukwaani. Wimbo mmoja nusu saa, wapotee humo ndani, wajitafute, warudi wenyewe. Na kelele zake zote!"

Alikuwa na kanda thelathini na moja za maonyesho, zote amezirekodi mwenyewe, kila moja na jina lake. Kanda ya Umeme Kukatika: besi safi, mwimbaji kalewa. Kanda ya Harusi: takataka, walikuwa na haraka ya pilau ya watu. Na Kanda ya Mvua, hiyo ndiyo mama yao.

Humo, dakika ya kumi na saba, waya wa gitaa la solo unakatika. Zinabaki ngoma tu. Ndipo kijana mmoja anapiga kelele karibu kabisa na maikrofoni: "Funga mwingine, mzee! Tunakungoja, hatuendi popote!" Watu wanacheka. Huyo ni mdogo wake Cheche. Wiki mbili baadaye alianguka kutoka ghorofa ya tatu akipiga plasta, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Kila Jumapili mama yao huketi mbele ya redio, mikono mapajani, akiingoja dakika hiyo.

Sasa utepe wa kanda hiyo ulianza kukwama. Mwenye mkono wa kuutengeneza alikuwa mmoja tu: Kinyozi, rafiki yake wa tangu utotoni, shabiki mwenzake, ila wa dhehebu jingine. Yeye hukata utepe kwa wembe, akatoa vikohozi na miluzi, kisha akaunga kwa selotepu. "Muziki ni kama kichwa," husema, "usiponyolewa unaota chawa." Miaka kumi wamebishana hivyo, wakicheka.

"Tengeneza tu," Cheche alimwambia. "Usinyoe."

"Nimesikia, bwana. Njoo Jumapili asubuhi."

Lakini Cheche na subira wapi na wapi! Jumamosi mchana alikuwa ameshaingia kinyozini. Kanda aliiona rafuni, akaichukua, akaitia kwenye redio, akaipeleka mbele. Gitaa likapiga, likapiga, likaendelea kupiga. Hakuna waya uliokatika. Hakuna kijana.

"Yuko wapi?"

"Ngoja, ndugu yangu, nikueleze..."

Hakungoja. Ngumi ya kwanza ilimpata Kinyozi kwenye sikio, akaangukia kioo, kioo kikashuka chote. Mteja aliyenyolewa upande mmoja alitoka mbio na shuka shingoni. Kinyozi aliinuka, akamtandika Cheche kigoda cha mbavu. "Mwendawazimu wewe! Sikiliza kwanza!" Cheche akamkamata kola, akambamiza kichwa kwenye beseni mara moja, mara mbili, damu ikatapakaa kwenye taulo safi.

"Umemuua mara ya pili!" alikuwa akilia huku anapiga. "Mdogo wangu! Umemuua mara ya pili!"

Kumpiga hakukutosha. Alitaka naye apoteze kitu. Kila mtu alilijua lile kopo la biskuti ambamo Kinyozi huweka vipande vyake vya utepe, maana hatupi hata kimoja. Cheche akalinyakua. "Mkuki kwa nguruwe, sivyo? Leo nawe uuonje!" Akalimwaga lote kwenye jiko la makaa la kuchemshia maji ya taulo.

Kinyozi alitambaa juu ya vigae vya kioo. "Toa! Toa, yumo humo!"

"Nani?"

"Mdogo wako! Nilimkata nimnakili peke yake, mama awe na kanda yake. Sauti yake tu, mwanzo hadi mwisho, asimngoje tena dakika kumi na saba. Usiku huu ningemnakili, kisha nimrudishe mahali pake. Nilikuambia Jumapili!"

Cheche alitia mkono kwenye makaa. Mkono huo umezoea moto, lakini moto huu aliupigia yowe mpaka majirani wakaja. Alichotoa kilikuwa donge jeusi, limeshikana na ngozi ya kiganja.

Jumapili mama alijitandia khanga yake, akaketi, mikono mapajani. Cheche alikaa kulia, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Kushoto alikaa Kinyozi, ambaye alikuja bila kuitwa, uso umevimba na sikio limezibwa pamba. Mpaka leo halisikii. Mama aliwatazama wote wawili, akauliza wamegongwa na gari gani. Cheche alikuwa amepanga maneno ya kukiri tangu alfajiri. Badala yake akabonyeza kitufe.

Dakika ya kumi na saba ilifika, ikapita. Gitaa likaendelea vizuri kabisa, halina dosari. Mama aliinamisha kichwa, akasogea karibu na spika, akangoja mpaka wimbo ukaisha.

"Rudisha nyuma, mwanangu," alisema. "Nadhani nilisinzia."

Cheche akarudisha.